Fundi wa Mashine za Figo

Mshonaji hakuwa na nia ya kusikiliza ya watu, lakini masikio hayana kifuniko. Kwenye kiti cha mbele yake, treni ikienda, muuguzi mmoja alikuwa akimsimulia abiria asiyemjua jinsi hospitali yao ilivyokaa miezi saba bila fundi wa mashine za figo.

"Nilimsihi mkurugenzi tutumie wakala wa ajira, mtu anayewajua mafundi hao mmoja mmoja. Akasema wakala wa nini, tangazo la getini linatosha. Zikaja barua mia mbili, za madereva na makarani."

Mshonaji akatabasamu peke yake. Huenda na yake ilikuwamo.

"Mwishowe mkampata nani?" abiria akauliza.

"Fundi redio. Alijitahidi, maskini. Mashine mbili zikafa mkononi mwake, zamu zikapunguzwa, na mdogo wangu, aliyekuwa mgonjwa wa figo, akawa miongoni mwa waliokosa nafasi. Tulimzika mwezi uliopita."

Tabasamu likamfutika mshonaji. Abiria akavua kofia.

"Pole sana, dada. Mimi nimezitengeneza mashine hizo miaka tisa. Kampuni yetu ilipofungwa, nikaanza kuuza viatu. Mawakala wana namba yangu. Getini kwenu sijapata kupita."

"Usiniambie hivyo, kaka."

Treni ikasimama kituo cha hospitali. Muuguzi aliinuka, akashika nguzo.

"Ungekuja?"

"Siku ileile, dada."

Muuguzi akashuka bila kuaga. Mshonaji alipokumbuka kwamba hapo ndipo naye alipotaka kushuka, milango ilikuwa imeshafungwa.