Sindano Nusu

Kwenye metro ya kuelekea Xiaobei, mtaa wa Kichina wenye wafanyabiashara wengi wa Kiafrika, mama mfanyabiashara wa Unguja alikuwa akimshauri binti asiyemjua, mwanafunzi wa uuguzi. "Chanjo ya mafua tu, mwanangu? Mwambie laoban, huyo bosi wao, akupunguzie. Akuchome nusu."

Huyu mama hata homa angeiombea punguzo.

"Hospitali si soko, mama. Leo ndiyo mwisho. Nisipochomwa siingii wodini, nitarudia mwaka. Nikichomwa naogopa itaniangusha, na kesho nina mtihani."

"Basi kataa! Mafua yashamuua nani?"

"Wodini kuna bibi, mapafu yake mabovu. Hunishika mkono nikimlisha."

Mama akakohoa kiganjani. Treni ikasimama. Akanyoosha mkono uleule kuaga, na binti, kwa adabu za kwao, akaupokea kwa mikono miwili.