Marehemu Rosaire Bérubé, Adui wa Lami ya Uvunguni

Paroko wetu, ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi mliokuja kwa sababu mmesikia ukumbini kuna pai ya nyama, familia imenichagua mimi Huguette, dada mkubwa wa marehemu, niwasomee historia yake, na imenichagua kwa kuwa wengine wote waliogopa kuisema ilivyo.

Marehemu Rosaire Bérubé alizaliwa tarehe 11 Machi 1949 hapa Sainte-Odile-des-Côtes, nyumba ya nne kutoka kanisani, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Léopold na marehemu Alma, katika siku ambayo mkunga alicheleweshwa na theluji, na tangu hapo hakuwahi kumsamehe mtu yeyote aliyechelewa.

Alianza masomo kwa masista mwaka 1955, akafika darasa la saba bila tuzo hata moja, na Septemba 1965 akaenda chuo cha ufundi Rimouski, akarudi Juni 1967 akiwa na cheti cha umakanika, pamoja na dharau kwa walimu wake ambayo aliitunza vizuri kuliko hicho cheti.

Kuanzia Novemba 1968 hadi Aprili 1984 aliendesha lori la halmashauri la kumwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, majira kumi na sita ya baridi, kwa hiyo alijua vizuri sana anachowatupia, chumvi ile ile inayokula chuma cha magari yenu, na kila Oktoba alilala chini ya lori lile akalipulizia mafuta ya kuzuia kutu kila kona, likadumu miaka yote hiyo, wakati malori ya mkandarasi wa kijiji cha pili yalikuwa yakidondosha vipande njiani kama mkate mkavu.

Tarehe 7 Julai 1973 alifunga ndoa na Jacinthe Pelletier katika kanisa hili, na wengine wenu mnakumbuka kwamba bibi harusi aliwasili ndani ya lori la maziwa, kwa sababu bwana harusi alipoenda kuliangalia gari la baba mkwe alipiga magoti na suti yake, akagonga chasisi kwa nyundo, nyundo ikapita upande wa pili, akainuka akamwambia mbele ya watu, “Mzee, gari lako limeshikiliwa na rangi tu.” Baba mkwe hakuja kula karamu, na miezi miwili baadaye gari lile lilikatika katikati mbele ya ofisi ya posta, lakini ukoo wa Pelletier haujawahi kusema samahani, na naona leo wamekaa nyuma kabisa.

Mei 1984 marehemu alifungua karakana katika zizi la ng'ombe la baba yetu, na karibu wote mliomo humu mlipita pale, gari likapandishwa kwenye lifti, uvungu ukaoshwa ukaachwa ukauke, mafuta yakapulizwa kwenye chasisi, kwenye paipu za breki, na ndani ya milango kupitia matundu aliyoyatoboa mwenyewe, kisha mkaamriwa mkaliendeshe Barabara ya Nne, ile ya vumbi, kwenda na kurudi mara mbili, ili vumbi ligande kwenye mafuta yasidondoke. Nanyi mlifika mwisho wa vumbi, mkaona haya kuonekana na gari chafu, mkaenda moja kwa moja kuliosha. Alikuwa akiwaona, karakana ile ina dirisha.

Mungu aliwajalia yeye na Jacinthe mtoto mmoja, Dany, aliyezaliwa tarehe 2 Februari 1976, akafundishwa kazi na baba yake tangu akiwa na miaka kumi na miwili, na mwaka 2014, akiwa mtu mzima mwenye akili timamu, akaenda kufanya kazi kwa muuza magari wa mjini, akivaa tai, akiwauzia watu lami nyeusi ya kupaka uvunguni, yenye dhamana ya miaka kumi na karatasi ya kung'aa. Mliipenda kwa kuwa hainuki na haidondoki kwenye saruji zenu. Marehemu aliwaeleza, mwanzo kwa upole na baadaye kwa namna yake, kwamba lami ikikauka hupasuka, maji ya chumvi yakaingia chini yake yasitoke tena, na chuma kikaoza gizani huku juu kunapendeza, mkacheka, mkasema mzee ana wivu na mwanawe. Aliapa hatagusa gari lililopakwa lami, na kwa miaka minane yeye na Dany hawakupeana hata salamu, wawili hao, kila mmoja mjinga kwa upande wake.

Oktoba 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya mapafu, na daktari akamkataza mambo mawili, mvuke wa mafuta na kulala kwenye saruji ya baridi. Tarehe 21 Januari mwaka huu Dany alikuwa akishuka mlima wa kanisa na binti yake Maïka, mwenye miaka tisa, akakanyaga breki, breki ikazama mpaka chini, pikapu ikapita njia panda bila kusimama na kujichomeka katika lundo la theluji la paroko. Hakuna aliyeumia. Paipu ya breki ilikuwa imeoza ndani ya ile lami, lami ya dhamana, aliyoipaka Dany kwa mkono wake mwenyewe.

Marehemu alituma ujumbe mmoja tu, kwamba pikapu iletwe, na kuanzia Jumatatu tarehe 6 Februari alianza kuikwangua lami kwa chuma na taa ya moto ya kuilainisha, akikohoa, akipumzika, akikohoa tena, huku nikimpelekea supu ya njegere na matusi, na huku Dany akisimama mlangoni mikono mfukoni, hajui aingie au aende. Siku ya nne akapata ujasiri wa kusema, “Baba, daktari amekukataza.” Marehemu hakugeuka. Alisema, “Daktari hapandi gari hili, Maïka anapanda.” Ndiyo maneno pekee waliyopeana tangu mwaka 2014, na hayakuongezeka.

Ijumaa tarehe 3 Machi alimaliza upande wa kushoto, kutoka mbele mpaka nyuma, badala ya paipu iliyooza akaweka mpya, akapuliza mafuta, akaweka chuma chini, tukampeleka hospitali ya Rimouski, ambako alifariki Jumanne tarehe 14 Machi 2023, akiwa na miaka sabini na minne na siku tatu, na atazikwa mwezi Mei, ardhi iliyoganda barafu itakapoyeyuka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao aliwatukana siku kumi na moja nao wakamgeuza kitandani kwa upole kila mara, majirani walioondoa theluji mlangoni pa Jacinthe, na wenzake wa halmashauri waliobeba jeneza, na haimshukuru mtu yeyote anayeuza lami.

Leo saa moja asubuhi nilipita karakana kuchukua kofia yake, nikamkuta Dany chini ya pikapu na suti ya msiba, akikwangua upande wa kulia, akaniomba nisiwaambie. Nilimwambia anakwangua vibaya, anaanzia nyuma wakati breki kubwa ziko mbele, naye akahamia mbele. Kwa hiyo nyinyi mliompa mkono wa pole pale mlangoni, mkaona vidole vyeusi, mkajifuta kwenye makoti yenu mkidhani hakuna anayetazama, niliwaona.

Pumzika sasa, mdogo wangu, upande wa kulia umepata mtu.