Saa Sita za Msiba wa Mzee Narendra

Kwenye basi la mwendokasi, mbele yangu walikaa wawili wa ofisi moja ya uhasibu pale Mchafukoge. Majina niliyapata bila kuuliza, maana masikio sikuyaacha nyumbani. Janki ndiye anayeandaa ripoti ya saa za wafanyakazi: saa anazolipia mteja huku, zisizolipiwa kule. Benedict alikuwa na saa sita zisizo na pa kukaa.

"Ijumaa ulishinda msibani kwa mzee Narendra," Janki alisema. "Alikuwa mteja wetu. Nikiziweka kwake, ankara inamfikia mama Harshida."

"Mjane alipie mimi kumzika mumewe? Hapana, dada."

"Basi zinaenda kwenye zisizolipiwa, na huko umeshajaa, kaka Bene. Bosi amesema atakayezidi tena mwezi huu, mkataba wake hauongezwi."

Benedict akageukia dirishani. Sisi wa nyuma tukaacha mazungumzo yetu, kwa adabu na kwa kutaka kusikia.

Janki akashusha sauti. "Mama hakukuuliza chochote cha kazi?"

"Aliniuliza faili za kodi ziko wapi. Nikamweleza kama dakika ishirini, huku analia."

"Huo ni ushauri wa kodi. Ukiwepo huo, zote sita naweza kuziita kazi."

"Kwa hiyo atatumiwa ankara ya kilio chake."

"Ataona tu 'ushauri wa kodi', kaka."

Milango ikafunguka kituoni Msimbazi. "Ripoti inafungwa saa nne," Janki alisema akisimama. "Niandike wapi?"

Benedict alishuka, Janki akamfuata, ripoti ikiwa wazi kwenye simu mkononi.