Aliyekataa Kutia Sahihi Miwani ya Upasuaji

Marehemu, ambaye nyumbani na kazini tulimwita Tulia, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, mtoto wa pili wa fundi saa na mshonaji. Jina hilo lilikuwa utani wa mama yake, maana mtoto hakukaa kitako hata dakika moja.

Alianza shule mwaka 1978, akahitimu shahada ya hesabu mwaka 1995. Walimu walilalamika kwamba alijibu swali kabla halijamalizwa kuulizwa.

Tarehe 14 Aprili 2001 alifunga ndoa na mpiga chapa, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 2009 aliajiriwa katika kiwanda cha miwani ya kompyuta. Daktari wa upasuaji akiivaa, huona mishipa ya mgonjwa imechorwa juu ya ngozi. Shida ilikuwa kwamba daktari akigeuza kichwa, mchoro ulichelewa kumfuata, ukaangukia pembeni. Juni 2014 wakubwa walitaka miwani ipelekwe hospitali hivyo hivyo. Tulia, ambaye sahihi yake ilihitajika kuthibitisha usalama, akakataa kuitia. Meneja alimweleza kuwa kosa lenyewe halizidi punje ya mchele.

"Basi ianze na shingo ya mwanao," alimjibu, "nami nitatia sahihi."

Walimnunia miezi saba. Yeye aliivaa akitembea, akiinama, hata akimenya viazi, mpaka akatapika kwa kizunguzungu. Hatimaye akapata dawa: kompyuta ikisie kichwa kinakoelekea, kisha iusogeze mchoro huko kabla jicho halijauona. Tarehe 21 Januari 2015 daktari aliivaa, akatikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji masikioni. Mchoro haukubanduka. Meneja ndiye aliyetangulia kupiga makofi. Tulia alikaa sakafuni, akavua viatu, akalia.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Mwaka jana maumivu yalizidi, hata tukawa tunajificha jikoni tusimsikie akiugua. Wiki tatu za mwisho wauguzi waliyashinda maumivu kwa dawa; akala, akacheka, akamgombeza mumewe kwa chai baridi. Jumanne, tarehe 6 Mei 2025, alimwambia binti yake, "Leo hakuna panaponiuma, mwanangu. Nifungulie dirisha." Saa nne asubuhi akafariki. Tumelia, lakini tumepumua pia, wala hatuoni haya kulisema.

Ameacha mume, binti, mjukuu mmoja na kaka yake, pamoja na wagonjwa wengi wasiomjua, waliotoka hospitali kwa miguu yao wenyewe.

Apumzike, na amani iwe yake.