Mwalimu Bilhah na Benchi la Watoto Watatu

Bilhah Kemuma Ogoti alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 katika kambi ya wachuma chai karibu na Kiptere, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Mochama na Mama Nyakerario, waliohamia hapa kutoka Kisii. Alisoma hadi darasa la saba, mwaka wa 1973. Mama yake alipougua, aliacha shule akabeba kikapu cha chai. Cheti cha ualimu hakuwahi kupata. Tunalisema hilo wenyewe kabla halijasemwa na mtu mwingine.

Mwaka wa 1979 alifunga ndoa na Charles Ogoti, fundi wa boila kiwandani, mtu mpole asiyejua kukasirika. Kazi ya kukasirika alimwachia mkewe, na sasa tumeirithi sisi watoto.

Mwaka wa 1984 wachuma chai walimkabidhi Bilhah watoto wao katika banda la mabati. Aliwakalisha watatu watatu, kila benchi Mkipsigis mmoja, Mjaluo mmoja na Mkisii mmoja, ili asiwepo mtoto wa kujificha nyuma ya lugha ya kwao. Walipanga majani ya chai kwa ukubwa na kuyahesabu, kila mmoja akiwafundisha wenzake maneno ya nyumbani. Kufikia Krismasi walikuwa wanagombana kwa lugha zote tatu.

Mwaka wa 2015 ulikuja mradi wa chekechea wa wafadhili wa ng'ambo, ukachukua usimamizi wa banda. Afisa wake, Bwana Lazarus Kebaso, alikaa bandani wiki mbili akiandika. Mwaka uliofuata alitia sahihi barua ya kumwachisha Mwalimu kazi kwa kukosa cheti. Miezi minne baadaye alikuwa Helsinki, akiwaeleza walimu wa mataifa kumi na tisa mbinu ambayo kitabu chake kinasema ni yake. Mwalimu mmoja wa Ufini aliuliza kwa nini watoto hukaa watatu. Bwana Kebaso alijibu kwamba mabenchi yalikuwa mafupi.

Yule mama wa Ufini hakuridhika na jibu hilo. Mwaka wa 2018 alifika Kiptere kujionea, Bwana Kebaso akiwa mwenyeji wake. Mwalimu Bilhah aliwachemshia chai, kisha akatoa benchi la watoto.

"Bwana Kebaso, wewe kaa hapa kwa benchi," alisema. "Mgeni atakaa kwa kiti. Hii kitu nitaeleza mara moja tu, na safari hii uandike na jina yangu."

Bwana Kebaso alikaa, magoti yakigusa kidevu, akaandika. Mwalimu alicheka wiki nzima. Kitabu kilichapishwa tena mwaka wa 2020. Jina la Mwalimu halimo, na siku hiyo hakucheka.

Alianza kuugua figo mwaka wa 2022. Akiwa kitandani alimwagiza bintiye Janeffer: "Kebaso akikuja kunizika, mumpe kiti ya mbele. Lakini maikrofoni asiguse." Aliaga dunia Ijumaa, tarehe 2 Mei 2025, nyumbani kwake.

Ameacha mume wake, Charles, mabinti Nyakerario na Janeffer, wajukuu watano, na wote waliopitia banda lake tangu 1984 hadi 2016. Hao wanaombwa wasimame sasa, popote walipo. Bwana Kebaso anaombwa abaki ameketi, ageuke nyuma, awatazame.

Mwalimu Bilhah alale kwa amani. Bwana Kebaso tunamtakia maisha marefu, na kila siku ya maisha hayo akutane na mmoja wa hawa.