Majina thelathini na moja ya bustani ya Nguba

Ninyi wote mliokuja kumsindikiza, mapadri, jamaa wa Nyangezi, majirani wa Nguba, na ninyi pia mliokuja ili muonekane kwamba mmekuja, familia inawaomba utulivu ili mdogo wake marehemu, Déogratias, awasomee maisha ya dada yake jinsi yalivyokuwa, na si jinsi alivyoombwa jana na watu fulani ayapunguze.

Maman Domitille Nabintu alizaliwa Nyangezi tarehe 9 Aprili 1952, mtoto wa tatu kati ya wanane wa mzee Aloys, fundi wa mbao, na mkewe Nsimire, mkulima. Alianza masomo ya msingi kwa masista mwaka 1958, akaja Bukavu kwa shule ya ualimu, akapata diplome yake mwezi wa Julai 1971, akiwa na mwandiko ulionyooka na ulimi mkali, na ulimi huo ulimpatia maadui mapema. Septemba mwaka huo huo aliingia darasani, akafundisha mwaka wa tano kwa miaka ishirini na moja, hadi mishahara ya walimu ilipokatika kabisa, akabaki nyumbani na chaki mfukoni.

Tarehe 16 Agosti 1975 alifunga ndoa na Évariste Akonkwa, agronome wa shamba la chai, na Mungu akawajalia watoto wanne, Maombi, Chrispin, Floribert na Sagesse, ambao wote wako hapa mbele yenu. Évariste ndiye aliyemfundisha kupima mstari wa karoti kwa kamba. Oktoba 1996, vita vilipoanza kupanda kutoka bondeni, Évariste aliteremka Sange kumchukua mama yake mzazi, akaonekana pale tarehe 20 akitafuta gari la kurudi, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona tena, wala mwili wake haukupatikana.

Maman Domitille hakukaa matanga ya mtu ambaye hakumzika. Februari 1997 alimwendea paroko, akaomba kile kiwanja kilichoshuka kuelekea ziwa, kilichokuwa jalala, na akaanza kukisafisha pamoja na wajane sita. Mwaka ulipoisha walikuwa wanawake thelathini na mmoja, wengine wakimbizi waliotoka vijijini na godoro kichwani, wakilima mboga za lengalenga, kabichi tunazoita mashu, karoti na vitunguu, wakila na kuuza katika soko la Nyawera. Vita vya pili vilipokuja Agosti 1998, bustani ile ndiyo iliyolisha hii kartie nzima ya Nguba, wakiwemo wengi waliokaa hapa leo wakiangalia chini.

Tatizo lilikuwa maji, kwa sababu kila tone lilipandishwa kichwani kutoka ziwani. Septemba 1999 shirika moja la wageni lenye buro hapa mjini lilitangaza kwamba litasaidia bustani za akina mama, kwa pompe, mipira ya maji na mbegu, na Maman Domitille akakaa wiki tatu akiandika dosye ya maombi, akapima kiwanja, akachora ramani, akaorodhesha majina yote thelathini na moja, kila mmoja akaweka sahihi au kidole chake. Ilibaki kashe, muhuri wa wale waliokuwa wakitawala mji wakati ule, maana shirika lilisema bila kashe dosye haipokelewi.

Hapo ndipo mkaanza kumwonyesha ninyi ni nani. Katika wale wanawake alikuwemo Anne-Marie, ambaye mume wake alikuwa soda, askari wa watawala, na majirani wakaja nyumbani wakiwa kundi, wakamwambia Maman Domitille amtoe, kwamba bibi ya soda hawezi kula pamoja na watu ambao mume wake anawapiga. Alipokataa, mashu mia mbili ziling'olewa mchana kweupe, na hakuna hata jirani mmoja aliyeona. Wiki iliyofuata alipeleka dosye kwa watawala kutafuta kashe, na mkubwa wa buro yao akasoma majina kwa kidole, akasimama kwenye majina ya Colette na Mapendo, akasema watoto wao wako msituni na maadui.

"Toa hawa wawili, maman," alimwambia, "kesho asubui utakuja kubeba kashe yako."

"Mimi niliandika benye kulima," Maman Domitille alimjibu. "Ukifuta moja, ufute na yangu."

Alitoka bila kashe, akaipeleka dosye kwenye shirika hivyo hivyo. Kwa hiyo huku alikuwa msaliti kwa sababu ya Anne-Marie, na kule alikuwa adui kwa sababu ya Colette na Mapendo, na katika miezi ile alikuwa akipita barabarani bila mtu kumjibu salamu, akarudi nyumbani akamwambia Maombi kwamba afadhali watu wangemtukana, matusi yangekuwa ni maongezi.

Tarehe 17 Januari 2000 alikamatwa akiwa bustanini, na jembe mkononi. Alifungwa siku kumi na moja katika chumba chenye maji sakafuni, akapigwa mgongoni na kifuani, akiulizwa ni nani anabeba mboga kupeleka msituni. Siku ya tatu, ili akome kukana, walimwonyesha barua iliyomshtaki. Haikuwa na sahihi, lakini yeye alikuwa amesahihisha madaftari ya watoto miaka ishirini na moja, na mwandiko ule alikuwa akiusoma kila Jumamosi katika ripoti za mikutano ya bustani. Ulikuwa wa sekretere wao, Barthélemy, mwanamume aliyewaandikia ripoti hizo.

Wakati yeye amelala katika maji yale, Barthélemy alipeleka dosye nyingine kwenye shirika, hii ikiwa na kashe, yeye akiwa prezida, na majina ishirini na saba. Maman Domitille, Anne-Marie, Colette na Mapendo hawakuwemo. Mfanyakazi wa shirika, Madeleine, alishuka bustanini kuhakikisha, akawaomba wanawake waweke sahihi mbele yake, na wote wakaketi chini katikati ya mistari, wakakataa kushika kalamu, na dosye ile ikafia hapo. Na aliyekwenda kambini kwa mkubwa wa mume wake, akasimama mlangoni siku nne mfululizo akisema kwamba mboga zile hata yeye, mke wa askari wao, anazila, alikuwa Anne-Marie, ambaye majirani walitaka afukuzwe. Tarehe 28 Januari Maman Domitille alifunguliwa.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kwenye mkutano akishikwa mkono na Sagesse, akamwendea Barthélemy mbele ya wote.

"Barthélemy, nilisoma barua yako," alisema. "Maandiko yako iko muzuri sana."

Akachukua daftari la ripoti mezani, na tangu siku hiyo hadi kufa kwake hakumwambia neno lingine.

Dosye yake ilirudishwa Juni 2000, kwa kukosa kashe. Akaandika nyingine Oktoba, majina yale yale, na Madeleine akapigania kwamba barua ya paroko ikubaliwe mahali pa kashe. Tarehe 12 Machi 2001 jibu lilikuja kwamba imekubaliwa, na Agosti mwaka ule maji yalipanda kwa mpira hadi juu ya kiwanja, Maman Domitille akiyaangalia akiwa amekaa kwenye kiti, maana kusimama kulikuwa kumeanza kumshinda.

Kifua alichotoka nacho kifungoni hakikupona. Alilazwa mara tatu, mara ya mwisho tarehe 22 Mei 2003, na akafariki Jumanne tarehe 3 Juni, saa tisa alasiri, akiwa na miaka 51, akiacha watoto wanne na wajukuu watano.

Familia imeombwa iseme kwamba marehemu alisamehe wote. Padiri alimuuliza kitandani, nasi tulikuwepo, naye alijibu, "Padiri, ile uniachie miye na Mungu tutaizungumuza." Hicho ndicho tunachojua, na hatutaongeza. Barthélemy ameketi pale karibu na mlango, ameleta shada la maua lenye jina la bustani, na familia inamwomba alichukue akiondoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, walimu wenzake, paroko, Madeleine, na katika majirani tunashukuru nyumba tatu, ambazo zinajijua. Tunawashukuru wanawake thelathini wa bustani, waliochimba kaburi hili kwa majembe yao wenyewe asubuhi ya leo, baada ya vijana wa kartie kukataa kuja.

Lala, Maman Domitille, uipate huko amani, kwa sababu hapa tulikunyima.