Anselimi Mutembei na Viatu Viwili vya Kobe

Baba Padri, wazee wa ukoo, majirani wa Nshamba, nanyi mliotoka Bukoba mjini tangu alfajiri, familia inawaomba mketi, akina mama wasogeze watoto kivulini, maana maisha ya mtu huyu hayasomeki mbiombio, ingawa aliyeyaandika, ambaye ni mjane wake Georgina, ameyaandika mbiombio, mtoto akimlilia mgongoni, na anayewasomea ni mdogo wake marehemu, Rugemalira, fundi baiskeli mnayemfahamu nyote, ambaye amemwahidi mjane kwamba hataruka mstari hata mmoja, hata ule unaomhusu yeye mwenyewe.

Anselimi Mutembei alizaliwa hapa Nshamba, katika kibanja hiki hiki tulichokaa, tarehe 21 Aprili 1926, siku ya mtakatifu mwenye jina alilopewa, akiwa mtoto wa kwanza wa Ta Ishengoma na Ma Theopista, ambao wote wametangulia mbele ya haki, na tunamshukuru Mungu kwamba hawakuishi kuyaona ya wiki hii.

Alianza shule ya misheni mwezi wa Januari 1935, akamaliza darasa la sita mwaka 1940, na wale waliosoma naye wapo hapa, wanakumbuka alivyochapwa viboko sita kwa kumwambia mwalimu kwamba rula yake inasema uongo, na baada ya viboko mwalimu akaitazama ile rula, akakuta kweli imekatika mwanzoni, inaanzia alama ya pili, kwa hiyo darasa zima lilikuwa limepima vibaya muhula mzima, lakini viboko havikurudishwa, maana viboko havirudishwi.

Mwaka 1942 alikwenda Bukoba mjini, akapokewa Miembeni na Mzee Hamidi, fundi bati, yule pale mwenye kofia, ambaye hakumuuliza dini wala ukoo, alimwonyesha mkasi wa bati na mahali pa kulala, akamfundisha kutengeneza koroboi, ndoo na mabirika, akamfundisha kulehemu kwa risasi, na mpaka leo Mzee Hamidi husema kwamba amefundisha vijana kumi na wawili, kumi na mmoja wakajifunza kazi, mmoja akajifunza kupima.

Tarehe 2 Julai 1951 aliajiriwa na kampuni ya machimbo ya mawe, kule chini ya Muleba, mkabala na kisiwa cha Bumbire, na hapo ndipo alipokutana na mashine iliyompenda na kumuua, garimoshi la betri, tani mbili, la reli nyembamba ya inchi ishirini na nne, fupi, pana, limejiinamia kama kobe, halina moshi, halina kelele, linakula umeme wa betri za risasi na tindikali usiku, mchana linavuta mabehewa ya mawe kutoka mlimani hadi gatini, na wafanyakazi wakaliita Kobe, yakawa makobe mawili, Namba Moja na Namba Mbili, na Anselimi akafunzwa kuendesha Namba Mbili.

Sasa watu wa hapa wanamcheka mtu anayependa chuma, walimcheka, walisema amelogwa na Wazungu, kwa sababu kila Jumapili baada ya misa alikaa barazani na madebe ya mafuta ya taa yaliyokatwa, akitengeneza Kobe mdogo, inchi moja kwa kila futi moja, ndiyo kusema futi saba za Kobe mkubwa zikawa inchi saba, na reli ya inchi ishirini na nne ikawa ya inchi mbili, wa kwanza wa mbao tupu mwaka 1952, wa pili wa bati mwaka 1954, na wa tatu, huyu mnayemwona juu ya meza karibu na jeneza, alimmaliza mwaka 1957, ana mota aliyoizungusha mwenyewe kwa waya wa shaba wa dinamo ya lori bovu, ana betri nne za tochi kifuani, ana usukani mdogo wa breki unaozunguka, unaovuta vyuma, vyuma vikabana magurudumu, na anakwenda, waitu, ndugu zangu, anakwenda kweli, ameshavuta kilo nzima ya buni kutoka mlangoni hadi jikoni.

Jambo moja mlijue kuhusu kazi yake, maana ndilo lililotuleta hapa, ni kwamba hakupamba, Kobe mkubwa akigongwa ubavuni na behewa, Anselimi alikuwa akirudi Jumapili na kumbonyeza Kobe mdogo ubavu ule ule, kwa kijiko, kimo kile kile, taa ikivunjika kule aliivunja na huku, na Georgina alipomuuliza kwa nini aharibu kitu kizuri, alimjibu kwamba mfano unaoficha kasoro ni porojo ya bati.

Huyo Georgina alifunga naye ndoa Jumamosi tarehe 28 Julai 1956, katika kanisa letu la hapa Nshamba, yeye akiwa ametoka darasa la kumi, na shangazi zake walilia kwamba msichana aliyesoma anaolewa na mtu wa madebe, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Theopista, aliyezaliwa Jumatatu tarehe 3 Machi 1958, ambaye leo ana miezi mitano na siku kumi na moja, na ambaye kwa sababu yake mama yake anaogopa, anaogopa sana, lakini ameandika.

Tarehe 17 Februari mwaka huu viatu viwili vya breki vya Kobe Namba Mbili, vile vipande vya chuma vinavyobana gurudumu, viwili vya upande wa mbele, vilikuwa vimelika mpaka vimekuwa kama ganda la yai, vikatolewa, ikasemwa vipya vinakuja kwa meli, na meli zikaja, zikaleta sukari, zikaleta vitambaa na baiskeli za Rugemalira, viatu havikuja, na Kobe akaendelea kuteremka mlima kwa viatu viwili badala ya vinne, na jioni ya siku ile vilipotolewa Anselimi alirudi nyumbani, hakula, akachukua koleo, akamtoa Kobe mdogo viatu viwili vya mbele.

Jumamosi tarehe 19 Aprili alimbeba Kobe mdogo kifuani kama mtoto, akampeleka barazani kwa Meneja wa machimbo, akaweka ubao wenye reli, akainua upande mmoja kwa tofali moja, ndio mteremko wenyewe wa mlima alioupima kwa kamba na chupa ya maji, akafunga mabehewa matatu yenye kokoto, akakaza breki mpaka mwisho, akaachia mkono, na Kobe akateleza na breki yake imekazwa, taratibu, halafu kwa kasi, akaanguka miguuni kwa Meneja, na Meneja akacheka, akasema ni mwanasesere mzuri sana, akasema amtengenezee mwanawe mmoja wa Krismasi, akasema huyu atafaa kuwekwa kwenye maonyesho ya Bukoba, ila amwekee kwanza viatu vyote vinne, apendeze, na Anselimi, ambaye hakuwahi kupandisha sauti mbele ya mkubwa, akamwambia, "Bwana, siku vya Kobe mkubwa vitakaporudi, na vya huyu vitarudi," akafunga ubao wake, akaondoka.

Jumanne tarehe 5 Agosti, saa mbili asubuhi, baada ya kunywa uji alioupika Georgina mwenyewe kabla jua halijatoka, uji, si lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, uji wa ulezi, Anselimi alipanda Namba Mbili na mabehewa matatu ya mawe, nyuma yake akiwa amesimama mfunga mabehewa, Karugendo mwana wa Klaudia, na mvua ilikuwa imenyesha, reli imelowa, na waliokuwa chini gatini wanasema waliona usukani wa breki ukizungushwa mpaka mwisho, wakamsikia Anselimi akipiga kelele, "Ruka! Karugendo, ruka!" na Karugendo hakuwahi kuruka, akafia pale pale, na Anselimi hakuruka, aling'ang'ania usukani mpaka gatini, na mawe yakamwangukia kifuani.

Kesho yake asubuhi, wakati ukoo wa Karugendo unachimba kaburi, Kobe Namba Mbili alikuwa amesimama bandani, ana viatu vinne, viwili vyeupe kwa upya, grisi bado inang'aa, na ubaoni pa ofisi pamebandikwa karatasi kwamba ajali imesababishwa na uzembe wa dereva aliyekuwa amelewa, na kwamba mashine ilikaguliwa ikakutwa haina kasoro, na karatasi ile imesomwa na watu wote, na imeaminiwa, na Ma Klaudia, ambaye leo amekuja, na tunamshukuru kwa kuja, amekaa nyuma kabisa kwenye migomba, amekataa mkono wa Georgina mara mbili, na Georgina hamlaumu, maana mtu akiambiwa mwanawe ameuawa na mlevi, mkono ataupeleka wapi.

Anselimi alilazwa hospitali Bukoba siku nane, mbavu zimevunjika, pafu limetoboka, hawezi kusema maneno manne bila kukohoa damu, na Georgina, siku aliyoisikia ile karatasi, hakulia, alijiambia kwamba yupo shahidi mmoja asiyeogopa kufukuzwa kazi, yupo Nshamba juu ya kabati, ana viatu viwili, na Alhamisi tarehe 21 Agosti mkaguzi wa Serikali anashuka kwa meli kutoka Mwanza kuichunguza ajali, atawekewa ubao, atawekewa tofali, ataona kwa macho yake.

Na Jumapili tarehe 10, Rugemalira akaja hospitali kwa baiskeli, amemfunga Kobe mdogo nyuma kwa kanga, amempaka rangi ya kijani, amemnyoosha ubavu uliobonyea, amemwekea taa, na amemtengenezea viatu viwili vya breki kwa mpira wa breki ya baiskeli, amevikata vizuri, amevifunga kwa skrubu, kwa sababu aliona kazi ya kaka yake ina mapungufu, akasema asije akafa mtu na kazi yake haijakamilika, na msimcheke, alifanya kwa mapenzi, hakukuwa na mtu aliyemwambia, na hakuna aliyemwambia kwa sababu sisi sote tulikuwa tunaita vile vitu takataka za Anselimi.

Georgina alimpiga shemeji yake kofi, pale wodini, mbele ya manesi, naye leo anasema hadharani kwamba halijutii na kwamba anaomba radhi, yote mawili, lakini kofi lilikuwa limechelewa, Anselimi alikuwa ameshafumbua macho, amemwona Kobe, amevihesabu viatu kwa kidole, kimoja, viwili, vitatu, vinne, akamtazama mkewe, uso ukamlainika kama siku ya ndoa, akasema, "Kumbe vimerudi," na Georgina, aliyekuwa anajua vimerudi lini na vimerudishwa vipi, alimjibu, "Ndiyo, Baba Theopista, vimerudi," na tangu saa ile Anselimi hakuhangaika tena, alilala kama mtu aliyemaliza zamu, mpaka Jumatano tarehe 13 Agosti 1958, saa kumi na moja alfajiri, alipokata roho, akiwa na miaka thelathini na miwili.

Mjane wake ameambiwa na watu wazima, kwa wema wao, anyamaze, ana mtoto mchanga, nyumba anayolala ni ya kampuni, amwache Kobe azikwe na mwenyewe kama kitu alichokipenda, mambo yaishe, naye amefikiri, usiku kucha amefikiri, na jibu lake ni hapana, Kobe hataingia kaburini, kaburi ni la mmoja, mtu hazikwi na shahidi wake.

Desturi yetu ni kwamba kabla ya mazishi huulizwa mwenye neno na marehemu ajitokeze, basi leo marehemu ndiye mwenye neno na walio hai, na Baba Padri amekubali, ubao uko tayari juu ya mabenchi mawili, tofali ni moja, mabehewa yana kokoto, na nikimaliza kusoma, mimi Rugemalira, nitachukua bisibisi nivitoe vile viwili vya mpira kwa mkono wangu ule ule uliovitia, na vile viwili vya chuma cha jembe alivyovichonga kaka yangu vitabaki, kila mwenye macho atajua kipi cha nani, kisha breki itakazwa mpaka mwisho, na mkono wa kwanza kuombwa uukague ule usukani, ujue kweli umekazwa, ni mkono wa Ma Klaudia, tafadhali mama, tunakuomba utoke kwenye migomba uje mbele, Anselimi hakumwacha mwanao, alimwambia aruke, na Alhamisi ijayo tukifika kwa mkaguzi, hatapelekewa bati tu, atapelekewa nyuso zenu nyote.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa Bukoba waliomuuguza siku nane bila kuchoka, wavuvi wa Bumbire waliompeleka Bukoba kwa mtumbwi siku ya ajali, walioacha nyavu majini, majirani wa Miembeni waliomlisha Georgina asiyejua kama ni mchana au usiku, Mzee Hamidi aliyetengeneza vishikio vya jeneza kwa bati jipya, na wafanyakazi wenzake marehemu, waliokuja na waliokatazwa kuja, na kuhusu mbao za jeneza zilizoletwa na kampuni, tunatangaza kwamba zimerudishwa jana saa nane mchana, zote sita.

Pumzika kwa amani, Ta Mutembei, mkeo hakukudanganya, viatu vimerudi, na siku viliporudi tutaitaja.